Akaunti za wanafunzi katika maabara ya idara: umeme ukikatika tufanyeje?

Msimamizi wa maabara, Unguja

Assalaamu alaykum. Katika maabara ninayoisimamia, wanafunzi wote huingia kwa akaunti moja yenye mamlaka kamili, na nywila yake imebandikwa ukutani karibu na swichi ya feni. Yeyote anaweza kufuta kazi ya mwenzake au kuweka programu aitakayo, na virusi vikija na flashi haijulikani vimeletwa na nani. Nataka kila mwanafunzi awe na akaunti yake kwenye seva ya idara, yaani kompyuta kuu inayotunza akaunti za wote, lakini wenzangu wanahofia kwamba seva ikizimika darasa zima litakwama. Naomba ushauri.

Maalim, Chake Chake

Waalaykumu salaam. Umeme ukikatika, kompyuta za maabara nazo huzimika, kwa hivyo taabu huanza pale unaporudi, kwa sababu kompyuta huwaka mapema na seva huchelewa. Kwa kawaida kompyuta ya Windows iliyounganishwa na seva ya akaunti huhifadhi kumbukumbu za watumiaji 10 wa mwisho, na hao huweza kuingia hata seva isipopatikana. Ofisini idadi hiyo inatosha. Maabarani, ambako kiti kimoja hukaliwa na watu wengi kwa wiki, aliyekaa hapo siku nyingi zilizopita hatoingia. Idadi hiyo inaweza kuongezwa hadi 50, ingawa mimi naona ni bora zaidi kuweka seva ya pili katika jengo jingine, na kila seva, pamoja na swichi yake ya mtandao, iwe na UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda unapokatika. Gharama isikutishe: programu iitwayo Samba, tangu toleo la 4 lililotoka 2012, hufanya kazi hiyo ya seva ya akaunti bila ya leseni ya kulipia, na kompyuta ya kawaida iliyo nzima inatosha kuiendesha. Hakikisha tu kwamba kompyuta za wanafunzi hazina Windows ya Home, kwani hiyo haijiungi na seva ya aina hii.

Bi Fundi, Mjini

Naongeza jambo la saa. Kwa kawaida seva hukataa kumwingiza mtu ikiwa saa ya kompyuta inapishana na yake kwa zaidi ya dakika 5. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, kompyuta iliyokosa umeme huwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na mwanafunzi huja kulalamika kuwa ameshindwa kuingia ilhali nywila yake ni sahihi. Tazameni tarehe kwanza, kabla ya kumbadilishia nywila.

Msimamizi wa maabara, Unguja

Ahsanteni sana. Na wanaohitimu, akaunti zao zifutwe mara moja?

Maalim, Chake Chake

La, zifunge tu, kwa sababu akaunti iliyofutwa, hata ikiundwa upya kwa jina lile lile, seva huihesabu kuwa ya mtu mwingine na mafaili ya zamani humkataa mwenyewe. Ombeni orodha ya wahitimu kwa msajili kila mwisho wa mwaka, na mfute baada ya matokeo kuthibitishwa na kila mmoja kupewa nafasi ya kuchukua kazi zake.