Rangi za maji pwani: uchore palepale au kwa picha ya simu?

MtotoWaPangani
Wakuu, habari zenu. Desemba nashuka Unguja na familia, kisha naenda kwetu Pangani kwa sikukuu. Nataka kuchora bahari, na pia nyumba za kale za kando ya mto kule nyumbani. Nikae palepale nichore, au nipige picha kwa simu nichore nikirudi Dodoma? Na rangi ziwe za vidonge au za tyubu? Mfuko wenyewe mwembamba.

BintiShangani
Palepale. Simu inaua kivuli. Ukuta wa Mji Mkongwe saa nane mchana, kwenye picha, ni mweupe pee na uchochoro ni mweusi tii. Kaa barazani uutazame: ndani ya kivuli kile mna buluu, mna kahawia, mna manjano inayodunda kutoka ukuta wa mkabala. Mimi huchanganya buluu ya altramarini na kahawia ya sienna, nikaiacha itulie bila kuisuguasugua. Chembe za altramarini huzama kwenye vishimo vya karatasi, na hapo unaipata chokaa iliyozeeka juu ya mawe ya matumbawe. Picha ya simu haikuonyeshi hilo.

Kilindini_Jahazi
Dada, kwa majumba sina ubishi. Kwa bahari nakataa. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Unaanza ngalawa inaelea, unamaliza imelala ubavu mchangani. Wingu likipita, feruzi yote ya maji mafupi imegeuka. Piga picha, ila papo hapo andika kwa penseli ni rangi gani uliona wapi. Au panga safari wiki ya maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana.

MzeeWaBrashi
Mnabishana kuhusu mahali, hakuna aliyetaja karatasi! Ndugu, hapo ndipo pesa iende. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba hunywa maji bila kujikunja ovyo, na ukikosea unaweza kuinua rangi kwa brashi yenye unyevu. Ile nyembamba ya kuchapia ikilowa tu inafanya mawimbi. Nunua shiti moja kubwa, ikate vipande vinane. Rangi sita zinatosha, na nyeupe usinunue: weupe ni karatasi uliyoiacha.

Vidonge kwa safari. Tyubu ni za nyumbani, unapotaka mbingu pana kwa mkupuo mmoja. Kuna jambo jingine watu wa bara hulisahau: pwani hewa ina unyevu, rangi hukawia kukauka, hivyo mawingu ya kulainishana hutoka vizuri kule. Dodoma, kwa ukavu ule, mbingu inakauka upande mmoja kabla hujafika wa pili. Kwa hiyo mbingu zimalize hukohuko.

BintiShangani
Hapo mzee umenena. Niongeze: Mji Mkongwe unatazama magharibi, kwa hiyo majumba ya Forodhani yanapata jua la uso alasiri, asubuhi yako kivulini. Pangani ni kinyume, jua linatoka baharini. Kule amka mapema.

MtotoWaPangani
Asanteni sana. Shida ya nyumbani ni watu. Ukikaa karibu na kivuko, watoto wote wamekuja, na mama mdogo atauliza kwa nini nyumba yake haimo.

MzeeWaBrashi
Watoto wape penseli na karatasi mbovu. Mama mdogo mchoree nyumba yake kwanza, kadi ndogo, umalize kesi.

Kilindini_Jahazi
Na ukimchora mtu anayetambulika, muombe ruhusa kabla ya kuweka mtandaoni. Wavuvi wengi hawana neno, lakini wapo wasiopenda.

MtotoWaPangani
Basi: vidonge, karatasi ya pamba, majumba na mbingu palepale. Kivuko cha kwenda Bweni kikiwa katikati ya mto nitapiga picha. Kilindini, umeshinda hapo tu.

BintiShangani
Hata hapo hajashinda. Kivuko kinarudi, kaka. Kisubiri.