Mjadala: Steam Deck ijayo ikiwekewa chipu ya simu, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunapata au tunapoteza?

MLETA MADA (Mwanjelwa, Mbeya)

Mugonile wakuu. Na wa Iringa na Njombe, kamwene.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Novemba 2025, Valve, wenye duka la gemu za kompyuta liitwalo Steam, walipotangaza Steam Frame, ile miwani yao ya gemu. Wengi mliitazama miwani, mimi nilitazama kilichomo ndani. Wameweka Snapdragon 8 Gen 3, chipu iliyobeba simu nyingi za bei kali za mwaka 2024, na juu yake wakapandisha SteamOS, mfumo uleule unaoendesha Steam Deck, mashine yao ya mkononi ya kuchezea gemu za kompyuta. Tangu siku hiyo fununu haziishi: je, Steam Deck 2 nayo itaachana na chipu ya AMD, ya ukoo wa kompyuta, ibebwe na chipu ya simu? Valve hawajaitaja chipu yoyote. Walichosema, tena zaidi ya mara moja, ni kwamba mrithi hatoki mpaka ipatikane chipu itakayopandisha nguvu kwa hatua kubwa bila kuila betri.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: natamani iwe chipu ya simu. Na sababu yangu ni wati, wala si kasi.

Mchana mimi ni fundi simu, jioni nina banda la gemu. Umeme ukikatika saa moja usiku, vijana wa sokoni ndiyo kwanza wamefunga meza zao, runinga zote zinazima kwa mpigo na mapato ya siku yameishia hapo. Ndiyo maana nikanunua Steam Deck ya mkono wa pili, nikijua gemu ya mkononi haijali nguzo ya umeme. Hesabu yake ikanifundisha. Ile ya kwanza, iliyotoka Februari 2022, ina betri ya Wh (wati-saa) 40. Chipu yake ya AMD ina kikomo cha wati 15. Ongeza skrini, feni, memori na Wi-Fi, gemu nzito inaifikisha mashine nzima wati 20 na ushee. Arobaini gawa kwa ishirini, umebaki na saa mbili. Powabenki ya mAh 20,000 ina kama Wh 74 kwenye karatasi, na sehemu yake inapotea njiani wakati wa kuchaji. Mashine hiyohiyo ingekuwa inakula wati 10, betri ingefika saa nne, na powabenki moja ingekuvusha usiku mzima wa giza.

Chipu za simu zimelelewa kwenye njaa. Simu haina feni, betri yake ni nyembamba, na mwenye simu anataka ifike jioni. Miaka zaidi ya kumi wahandisi wake wanagombania nusu wati. Huo ni urithi ambao gemu ya mkononi inauhitaji kuliko kitu kingine.

Halafu tukumbuke Nintendo. Switch, mashine yao ya gemu ya mkononi, ilitoka Machi 2017 ikiwa na Tegra X1 ya Nvidia, chipu iliyotangazwa Januari 2015. Kwenye kisanduku cha Shield, kinachochomekwa ukutani, kitengo cha picha cha chipu hiyo kilikimbia karibu MHz 1,000. Nintendo walipoitia mkononi waliishusha hadi kati ya MHz 307 na 460. Waliokuwa wanabashiri kabla haijatoka walishika jina la chipu wakakisia miujiza, hawakuuliza italishwa wati ngapi. Na bado Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150.

Kikwazo nakijua. Gemu za Steam zimeandikwa kwa lugha ya x86, ya kina AMD na Intel, na chipu ya simu inazungumza ARM. Valve wameweka programu iitwayo FEX ya kutafsiri. Mnaosali Rungwe mmeona: mhubiri anatoa neno kwa Kiswahili, mkalimani pembeni anawageuzia wazee kwa Kinyakyusa. Ibada inarefuka kidogo, lakini bibi harudi nyumbani bila kuelewa. Tena FEX inatafsiri kazi ya prosesa tu. Kazi ya kuchora picha, ambayo ndiyo mzigo mkubwa wa gemu nyingi, kitengo cha picha kinaifanya kwa lugha yake chenyewe.

Karibuni tujadili. Anayepinga aje na namba.

MCHANGIAJI WA 2 (mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, Iyunga)

Kaka fundi, heshima yako. Umeomba namba, naanza na hiyohiyo Switch.

Mwaka 2019 Nintendo walitoa Switch yenye chipu iliyorekebishwa. Muundo ule ule, ARM ile ile, betri ile ile ya mAh 4,310. Kilichobadilika ni utengenezaji, kutoka nanomita 20 kwenda 16, yaani vijisehemu vya ndani ya chipu vikawa vidogo zaidi na kula umeme kidogo. Muda wa kucheza ukapanda kutoka saa 2.5 hadi 6.5, ukawa saa 4.5 hadi 9. Sasa niambie, hapo ARM imefanya nini? Ilikuwepo kabla na ikawepo baada. Steam Deck OLED ya Novemba 2023 ni hivyohivyo: AMD ileile, ikashuka kutoka nanomita 7 hadi 6, betri ikawa Wh 50, skrini ikabadilishwa, Valve wakaandika saa 3 hadi 12. Unaisifia familia ya chipu kwa kazi iliyofanywa na kiwanda.

Pili, gemu za Switch ziliandikwa kwa ajili ya chipu ile. Hakukuwa na mkalimani hata mmoja. Kwa hiyo mfano wako hauifikii Steam.

Tatu, huyo mkalimani analipwa kutoka betri ileile unayotaka kuiokoa. Na kazi yake ni ngumu kuliko kubadilisha maneno. Chipu za x86 zina ahadi moja: kiini kimoja cha prosesa kikiandika vitu viwili kwenye memori, viini vingine vitaviona kwa mpangilio uleule vilivyoandikwa. ARM ya kawaida haitoi ahadi hiyo. Mtafsiri inabidi aweke vizuizi kila mahali ili mpangilio usivurugike, na kila kizuizi ni muda unapotea. Apple walipohamia M1 mwaka 2020 waliliona hili, wakaiwekea chipu yao uwezo wa kufuata mpangilio wa x86 moja kwa moja. Tafsiri yao kuwa nyepesi vile haikutokana na programu peke yake.

Nne, barabara ya memori, yaani kasi ya data kupita kati ya memori na chipu. Steam Deck ya kwanza inapitisha GB 88 kwa sekunde, ya OLED GB 102. Snapdragon 8 Gen 3 inapitisha kama 77. Sisi tunaokaa foleni nyuma ya malori ya Tunduma tunajua kwa nini tulililia njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Uwe na injini gani, barabara ikiwa nyembamba utasubiri.

MCHANGIAJI WA 3 (Kyela)

Ndugu zangu, nyie wa Mbeya mjini mnaongelea chipu mkiwa mmevaa makoti. Hapa ziwani simu yangu ikichezeshwa dakika ishirini mchana wa Novemba inakuwa pasi. Picha zinaanza kukwama, mwanga wa skrini unajishusha wenyewe. Hiyo ni chipu ya simu, na mimi ndiye ninayeishi nayo. Kabla hamjaishangilia, ileteni Kyela kwanza.

MLETA MADA

Mdogo wangu wa Iyunga, umenishika kwenye Switch na nakubali. Hoja ya 2019 ni yako, siirudii tena.

Ila kwenye barabara ya memori nina neno. Switch 2 iliyotoka Juni 2025, ikiwa mkononi inatumia kama GB 68 kwa sekunde, na skrini yake ni ya 1080p. Hiyo ni chini ya 77 uliyoidharau. Skrini ya Steam Deck ni 1280 kwa 800, yaani kama nukta milioni moja, wakati 1080p ni kama milioni mbili. Malori nusu, barabara hiyohiyo inatosha.

Ndugu wa Kyela, joto lako nalijua kwa sababu simu za huko zinafika mezani kwangu betri zimevimba. Lakini kinachopika simu ni mwili wake. Chipu imebanwa kati ya kioo na betri, haina feni, haina pa kutolea joto isipokuwa kiganja chako. Mashine ya AYANEO Pocket S ina chipu ya familia ya Snapdragon, na ndani ina feni. Hewa ya Kyela, karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, ni ya moto lakini nzito. Hewa ya hapa Mbeya, kwenye mita 1,700, ni baridi lakini nyepesi, feni inasukuma kidogo kwa kila mzunguko. Mwenye chipu ya wati 8 anahitaji feni ndogo kote kuwili. Mwenye wati 15 ndiye atakayeteseka kwako.

MCHANGIAJI WA 4 (Kihesa, Iringa)

Kamwene kaka. Mimi siko kwenye kasi wala joto. Niko kwenye siku mashine itakapoharibika.

Tableti ya mdogo wangu ilikufa hifadhi. Hifadhi tu, mengine yote mazima. Fundi akasema imechomelewa kwenye ubao, kubadilisha ni kazi ya mashine za Dar es Salaam na bei inakaribia tableti nyingine. Imebaki kabatini. Steam Deck nimeona ikifunguliwa: unatoa skrubu za nyuma, unainua bamba la chuma, unachomoa kadi ya hifadhi ya M.2 ya milimita 30, unachomeka nyingine. Hata mtu wa Ilula anayefuata maelekezo anaweza. Steam Frame unayoisifia imewekewa hifadhi ya UFS, aina ya kwenye simu, ya kuchomelea, ya GB 256 au TB 1, na nafasi ya microSD pembeni. Ukiileta tabia ya simu kwenye gemu ya mkononi, unaileta yote, pamoja na huo ubao usiofunguka.

Wewe ni fundi. Niambie kwa moyo wako wa fundi, memori ya simu imekaa wapi?

MCHANGIAJI WA 5 (mzazi, Njombe)

Bei jamani. Steam Deck ilianza dola 399. ROG Xbox Ally X, mshindani wake wa mkononi, imekuja na dola 999.99. Na memori zimepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, za simu na za kompyuta. Mimi kijana wangu ameniomba, nataka kujua ipi itashuka.

MLETA MADA

Mzazi wa Njombe, sitakudanganya, chipu pekee haiwezi kuishusha bei memori zikiwa juu. Akisubiri mwaka mmoja hapotezi kitu, na Steam Deck ya LCD, ile ya skrini ya kwanza, ya mkono wa pili bado inacheza vizuri. Akague betri na vijiti kabla hajatoa pesa.

Dada wa Kihesa, swali lako limenikalisha. Kwenye simu za Snapdragon kubwa memori imekaa mgongoni mwa prosesa, kama sinia juu ya sinia. Simu ikidondoka, vitone vya lehemu vilivyo kati yake vinapasuka. Ili kuirudisha inabidi uipashe moto, uinue ya juu, usafishe, uweke vitone vipya, uirudishe bila kuiunguza. Nimefanya kazi hiyo, nimefanikiwa na nimeua pia. Kwenye Steam Deck memori nayo imechomelewa, tuseme ukweli, ila imekaa pembeni na kila kimoja kinafikika.

Kwa hiyo narekebisha ombi langu. Chipu ya simu naitaka, kwa sharti kwamba hifadhi iwe ya kuchomoa na betri itoke bila gundi. Snapdragon 8 Gen 3 ina njia ya PCIe, ile inayotumiwa na kadi za M.2, kuwekewa M.2 kunawezekana. Wakichomelea, nitabaki na AMD yangu na powabenki zangu mbili.

Kuhusu mkalimani anayelipwa kutoka betri ileile, mdogo wangu, bado hatujamaliza. Nina Steam Deck yenye kitufe cha kuweka kikomo cha wati, kuanzia 3 hadi 15. Wewe umeniambia pembeni una rafiki Uyole mwenye simu ya Snapdragon 8 Gen 3. Aweke Winlator, programu ya kuchezesha gemu za Windows kwenye simu, tuchague gemu moja ya Windows, sehemu moja ya kuanzia, mwanga wa skrini sawa. Mimi nitaifunga yangu wati 8. Tucheze nusu saa, tuandike fremu na asilimia ya betri iliyoliwa, kisha tuigeuze asilimia kuwa Wh maana betri zetu hazilingani. Jumamosi jioni niko bandani. Ndugu wa Kyela, ukipanda mjini karibu, na simu yako uje nayo.

MCHANGIAJI WA 2

Nimemwambia, amekubali. Tunakuja saa kumi, na kipimajoto cha maabara nitaomba.