Kupigwa Arusha: milioni 1.26 imeliwa na "shahada ya uuguzi ya mtandaoni" ya Marekani

Wakuu salaam. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, kwa hiyo nikiruka herufi mnivumilie. Matusi nimeyafuta mara mbili kabla ya kubandika hapa.

Mimi ni nesi wa diploma, niko zahanati binafsi hapa Moshi, mwaka wa sita huu. Walio kwenye kada yetu wanajua: ukiwa na diploma wewe ni Afisa Muuguzi Msaidizi, na hilo "Msaidizi" utazikwa nalo usipotafuta shahada. Anakuja binti katoka chuo juzi, namwonyesha kanula zinakaa kabati gani, mwezi unaofuata yeye ndiye anapanga zamu zangu. Simchukii. Ana shahada, mimi sina, basi.

Kabla hamjaniuliza kwa nini sikuomba vyuo vya hapa: fizikia. Diploma yangu ina GPA ya 4.1 kati ya 5, na wa diploma wanaanzia 3.0. Namba ya AVN, ile ya kuhakiki diploma inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ninayo. Lakini vyuo nilivyovipekua kwenye kitabu cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) vinataka pia angalau D za kidato cha nne kwenye hesabu, kemia, baiolojia, Kiingereza na fizikia. Fizikia nina F. Nimezalisha wanawake hadi nimeacha kuhesabu, ila ile F ya sumaku na umeme bado imekaa mlangoni kama mlinzi wa benki. Ndiyo, najua kuna kurisiti, msihangaike kuandika.

Sasa, mwezi wa tatu, saa nane za usiku, wodi imetulia, simu ikaniletea tangazo. Shahada ya uuguzi ya chuo cha Marekani, unasoma kwa mtandao popote ulipo, hakuna viza, nafasi chache sana, wauguzi wa Tanzania wanakaribishwa. Chini namba ya wakala, ofisi Arusha.

Siku ya mapumziko nikapanda kosta asubuhi. Ofisi iko ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa. Ukutani bendera ya Marekani kubwa kuliko shuka la kitanda, na picha za watu wamevaa majoho. Kaka mwenyewe kanyoosha shati, anaongea taratibu, kila sentensi "dada nesi". Nikamuuliza swali moja tu, na nilimuuliza mara mbili: kwa cheti changu hiki na leseni yangu hii ya Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC), nina sifa? Akaishika leseni yangu, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Dada nesi, ninyi ndio wanaowatafuta." Nikalipa laki tatu na nusu. Risiti ya kuandika kwa mkono.

Kazi yake ilikuwa kujaza fomu. Hapo ndipo ninataka mtulie kidogo, maana hasira yangu yote iko kwenye hiyo fomu.

Ile fomu ni katili. Sehemu ya GPA akaandika 4.1, ikatoka nyekundu, ikagoma. Wenzetu kule mwisho ni 4.0. Kaka akataka kuandika 4.0 tupite, nikamzuia, nikamwambia 4.1 ya tano siyo 4.0 ya nne, hiyo ni kudanganya. Tukaambiwa basi vyeti vipelekwe kwenye kampuni ya kule ya kutathmini vyeti vya nje, kila somo lilinganishwe. Dola juu ya dola, ikafika kama laki tano na sitini. Na nakala ya matokeo hawaipokei kwangu, lazima chuo changu cha diploma kiitume chenyewe kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri. Nimepanda ngazi za ofisi ya taaluma mara nne. Mara mwenye muhuri yuko semina, mara yupo ila muhuri umefungiwa. Kuisafirisha hiyo bahasha na nyaraka nyingine, laki na themanini. Bahasha imesafiri kuliko mimi.

Picha ya pasipoti ikagoma, ina kivuli. Barua ya mganga mfawidhi wetu ikagoma kwa sababu anatumia Yahoo, wanataka barua pepe ya taasisi. Jamani, zahanati yetu ina vyumba vitano na tanki la maji, barua pepe ya taasisi itoke wapi? Mzee wa watu akamuomba mwanaye atengeneze, ikachukua wiki. Cheti cha kuzaliwa kikagoma, faili kubwa. Kijana wa stesheneri pale karibu na stendi ya Moshi alikipunguza mara tatu, umeme ukakatika katikati, tukaanza upya kwa jenereta la jirani.

Halafu insha. Kwa nini unataka kuwa muuguzi mwenye shahada, maneno 500. Kaka wa Arusha akaniambia nisihangaike, anayo tayari. Nikaisoma. Imeandikwa kwamba nilizaliwa kijiji maskini cha Afrika, nikaona watu wanakufa chini ya mti. Mimi nimezaliwa Pasua, hapa hapa Moshi mjini! Kwetu kuna vigae! Nikakataa, nikaandika yangu usiku kwenye kaunta ya manesi, kuhusu mama mmoja aliyeletwa kutoka Kibosho anatokwa damu baada ya kujifungua, na jinsi nilivyokuwa nakanda tumbo lake kwa mkono huku wa pili nimeshika simu naita gari la rufaa. Nililia nikiandika. Sijui kama kuna mtu aliifungua.

Haya. Tukafika kwenye kisanduku cha leseni. "Namba ya leseni hai ya uuguzi." Nikamtajia ya kwangu ya TNMC. Akaandika. Ikapita. Haikuwa nyekundu, haikugoma, ikapita kama uji. Chini yake, "Jimbo lililotoa leseni". Ukigusa yanafunguka majimbo ya Marekani, hakuna Tanzania, hakuna "nyingine". Nikamwambia kaka, hapa tunafanyaje? Akasema chagua lolote, hiyo ni fomaliti tu. Akagusa la kwanza kwenye orodha. Alabama. Tukalipa ada ya maombi kwa kadi ya kwenye simu, laki na sabini kwa hesabu ya siku ile, nikaweka tiki kwamba maelezo yote ni ya kweli.

Siku kumi na mbili baadaye, barua pepe ya mistari mitano. Programu hii ni kwa wauguzi wenye leseni hai ya jimbo la Marekani. Leseni uliyoitaja haikupatikana Alabama. Maombi yako hayataendelea. Ada hairudishwi.

Wakuu, fomu iliyojua kugoma 4.1, ikajua kugoma kivuli kwenye picha, ikajua kugoma Yahoo ya mzee wa watu, ilishindwaje kugoma leseni ya Tanzania? Hilo ndilo sharti mama. Ndilo lililotakiwa kuwa swali la kwanza kabisa: una leseni ya Marekani? Hapana? Kwaheri, baki na hela yako. Badala yake limewekwa ukurasa wa tisa, halikagui chochote, na kitufe cha kulipia kiko hatua mbili mbele yake. Nimerudi kwenye tovuti yao kuangalia. Sharti limeandikwa, siwezi kuwasingizia. Liko chini kabisa, kwenye kimstari chenye alama ya kujumlisha ambacho usipokigusa hakifunguki. Juu wameweka picha ya dada anacheka na kompyuta.

Kosa langu nalikubali, sikukigusa kile kimstari. Lakini kuna mtu nilimlipa laki tatu na nusu akiguse kwa niaba yangu. Na zaidi ya hela, kinachonikosesha usingizi ni Alabama. Mahali fulani kuna kumbukumbu yenye jina langu na tiki yangu inayosema nina leseni ya Alabama. Kwa nesi huo siyo utani. Kesho na keshokutwa nikiomba kitu halali wakachimbua, nitasemaje, kwamba ilikuwa ya kwanza kwenye orodha?

Jumlisheni: milioni moja, laki mbili na sitini elfu. Ni mshahara wangu wa miezi mitatu kamili. Nusu nilikopa kikoba, na marejesho ni kila Jumapili baada ya ibada, mbele ya wamama wote.

NYONGEZA 1

Mkuu uliyeandika "tamaa ya Marekani", sikutaka kwenda Marekani. Nilitaka kuondoa neno Msaidizi.

Wanaouliza mambo yenyewe yakoje, maana nimeona watatu humu wako njiani kulipa: nimepoteza hela ndipo nimesoma. Hizo shahada za mtandaoni za kule ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya mtu ambaye tayari ni nesi kule, wanaita RN, ana leseni ya jimbo, anapanda kutoka diploma kwenda shahada. Hiyo ndiyo nyepesi, ndiyo inayotangazwa, na ndiyo niliyoomba. Leseni yenyewe huipati bila vyeti kutathminiwa na mtihani wao wa NCLEX-RN, na kila jimbo lina baraza lake. Yaani mlango niliougonga ni wa ndani na mimi bado niko getini. Ya pili ni ya ambaye hana leseni kabisa. Huyo nadharia atasoma kwa mtandao, lakini wodi ni wodi, ataingia hospitali kwa miguu yake, huko huko, kwenye majimbo chuo kinakoruhusiwa. Ukiwa Moshi haikuhusu. Na hata ungeipata, ukija nayo hapa lazima TCU waitambue kwanza, ndipo uongelee habari ya kupanda cheo.

Dada uliyesema umeambiwa "popote ulipo duniani": muombe akuonyeshe sharti la leseni kwa maandishi kabla hujatoa hata mia. Akianza kukuita dada nesi, nyanyuka.

Kuhusu polisi, naenda Jumatatu na ile risiti ya mkono. Jina lake siweki hapa, mods wataufuta uzi. Chuo nimewaandikia barua pepe kukiri la Alabama na kuomba wasahihishe kumbukumbu. Hela sijaomba, nimechoka.

NYONGEZA 2, saa nne usiku

Kaka kapiga. Nadhani kuna mtu humu kamfikishia. Hajapandisha sauti hata kidogo. Anasema Marekani wamebadilika ghafla, si kosa lake, lakini kwa kuwa mimi ni mteja wake atanihamishia Kanada kwa laki mbili tu, fomu anayo tayari, na ile insha ya chini ya mti bado ipo nikiitaka. Nikamuuliza, na kule nako hawatataka leseni ya jimbo?

"Dada nesi," akasema, "Kanada hakuna majimbo."

Nimefungua ramani. Yako 10.