Wauza dawa za mifugo wa Tabora, acheni kutuuzia dawa ya josho kwa ajili ya paka

Ndugu wanajamvi, naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika duka moja la dawa za mifugo hapa mjini, nilipouliza dawa ya viroboto wa paka, muuzaji alinimiminia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, isiyo na lebo wala maelekezo, akaniagiza nitie kizibo kimoja katika beseni na kumtumbukiza paka mzima. Nilipokataa, alinijibu kwamba wote wananunua hiyohiyo na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Jirani yangu aliinunua katika duka hilohilo. Paka wake alitokwa na mate, akatetemeka mwili mzima hadi akafa.

Jambo hili halina siri yoyote kwa mtu aliyesomea dawa za mifugo. Dawa nyingi za josho zina saipamethrini au deltamethrini, kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, na ini la paka haliwezi kuzivunjavunja kama linavyofanya ini la ng'ombe au la mbwa, hivyo sumu hubaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Isitoshe, paka hujisafisha kwa ulimi. Chochote utakachompaka mgongoni atakimeza. Mafuta ya taa, ambayo bado kuna watu wanayashauri, nayo humuunguza ngozi na kumdhuru akiyalamba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kumtunza paka nyumbani hakuhitaji sumu hizo. Paka mwenye afya hana haja ya kuogeshwa mara kwa mara. Chukua chanuo la chawa, lile lenye meno yaliyobanana, umchane taratibu shingoni, nyuma ya masikio na kwenye shina la mkia, huku ukilichovya katika maji ya sabuni ili viroboto wafie humo. Mayai yao hudondoka chini, kwa hiyo tandiko lifuliwe, mkeka uanikwe juani na pembe za nyumba zifagiliwe. Usipofanya hivyo, viroboto watarudi tu. Dawa ikilazimika, iwe imeandikwa wazi kwamba ni ya paka, na kipimo kifuate uzito wake.

Nawataka maofisa mifugo wa manispaa wapite madukani na kukomesha umiminaji huu wa dawa katika chupa zisizo na lebo. Wengi wetu hapa tunafuga paka ili watulindie mahindi na karanga dhidi ya panya, na chupa hizo hukaa jikoni, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzifikia.

Aliyekwisha kumwogesha paka wake dawa hiyo amsuuze mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, amkaushe, amfunike apate joto, kisha amkimbize kwa daktari wa mifugo bila kupoteza muda kumnywesha maziwa.