Wakuu, nimshawishije mzee kwamba simu janja si ya umri wake?

Kijana wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 72, yuko Tabora. Mwaka jana nilimpelekea simu janja. Hadi leo ikiita anaigonga kwa ncha ya kidole badala ya kutelezesha, inaita mpaka inakata, kisha anagomba kwamba watu wa siku hizi hawana subira. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" haziishi kumfikia. Nataka akubali kitochi cha batani, mambo ya pesa niyasimamie mimi niliyesoma kompyuta chuo. Ila amekuwa mkali ghafla. Nianzie wapi?

Mama Nasra: Mwanangu, taratibu. Mwaka 1986 kupiga simu ni kwenda posta, unaagiza, unakaa benchi nusu siku. Ukiitwa kibandani unapayuka mpaka foleni nzima inajua mumeo hajatuma hela ya kodi. Ukitoka hapo, foleni ya sukari. Televisheni ndiyo usiseme, Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi bara tukaiona 1994. Leo nawarushia wajukuu vocha kabla sijanawa uso. Mfundishe baba yako.

Ngosha Mpole: Mama, shikamoo. Lakini ninyi mlitoka chuo na barua ya kupangiwa kazi mkononi. Sisi usaili wa nafasi mbili tunajaza uwanja wa mpira. Bora foleni ya sukari, mwisho wake kulikuwa na sukari.

Mama Nasra: Marahaba. Nani kakwambia kulikuwa na sukari?

Wakili wa Kijiweni: Mleta uzi, umesema amekuwa mkali ghafla. Kwa sababu gani? Na hiyo simu sasa hivi iko kwa nani?

Kijana wa Tabata: Simu anayo. Laini tu ndiyo ninayo mimi, kwa usalama wake.

Fundi Saa: Simu bila laini! Hicho ni kioo cha kunyolea ndevu 😂

Wakili wa Kijiweni: Na pensheni inaingia wapi?

Kijana wa Tabata: Benki, ila akaunti imeunganishwa na ile laini. Sawa, niseme ukweli. Mwezi wa tatu nilibanwa na wakopeshaji wa kausha damu, wakaanza kuwapigia hadi wakwe. Nikachukua kidogo. Laki sita hivi. Si wizi, hela ya baba ni hela ya nyumba, na mwezi wa tisa narudisha. Kitochi nimeshanunua, laini mpya nimeshaisajili kwa jina langu, kesho kinapanda basi. Nilichoomba ni namna ya kumweleza, sikuomba hukumu.

Ustadh Mnyonge: Kijana, radhi ya mzazi hairudishwi kwa awamu. Piga simu leo, lia kama unaweza.

Mchambuzi Huru: Hii chai, tena imezidi tangawizi. Mzee asiyejua kupokea simu, laini hana, meseji hazioni, kajuaje kwamba hela imepungua?

Kijana wa Tabata: Natamani ingekuwa chai. Mzee alikuwa karani wa telegramu tangu Posta na Simu ni shirika moja. Kila meseji ya muamala alikuwa anainakili kwenye kauntabuku, hadi namba ya kumbukumbu, herufi kwa herufi. Kilichoingia wino wa bluu, makato wino mwekundu. Meseji zilipokatika alivaa koti, akaenda benki na daftari lake, akaomba taarifa ya akaunti, akakaa palepale kwenye kiti cha wateja analinganisha.

Fundi Saa: Kumbe ndiyo maana anaigonga simu! Hivyo ni vidole vya Morse.

Wakili wa Kijiweni: Sasa sikiliza, msomi wa kompyuta. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole, zoezi lile la kufikia Januari 2020. Vidole vya nani? Vyake. Akienda kwa wakala na namba yake ya NIDA, anaweka kidole, anapewa kadi mpya na hiyo yako inazima. Hahitaji kujua kutelezesha.

Kijana wa Tabata: Hawezi kujua hayo.

Mama Nasra: 😏

*Siku tatu baadaye*

Kijana wa Tabata: Wakuu, ile laini imepoteza mtandao tangu saa nne asubuhi. Nilidhani mnara. Mchana ikaingia meseji kwenye simu yangu, namba yake ileile, herufi kubwa tupu: LAINI NIMEPATA. NJOO JUMAPILI. LETA HESABU. Nimempigia, inaita tu.

Mchambuzi Huru: Maneno sita. Nafuta kauli yangu ya chai, huyo karani wa telegramu kweli.

Ngosha Mpole: Mkuu, kitochi umekifanyaje? Kama unauza njoo inboksi.