Mashairi ya watoto kuhusu maandalizi ya mchezo wa nyimbo shuleni: yatungwe vipi?

Mwalimu wa Rau, Moshi

Ndugu zangu, nawasalimu. Shuleni kwetu wanafunzi wa Darasa la Pili hadi la Nne wanaandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, unaohusu wanyama wanaogombea maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi unaoteremsha maji ya Kilimanjaro hadi kwenye vihamba, mashamba ya familia yanayozunguka nyumba. Nyimbo za mchezo wenyewe zimekamilika. Ninachotafuta sasa ni mashairi mafupi ambayo watoto watayaghani kati ya onyesho moja na jingine, wakieleza jinsi walivyouandaa mchezo huo: mazoezi, mavazi, ngoma, hata woga wa kusimama mbele za watu. Hata hivyo, kila ninapowaomba watunge, wananiletea beti za kukaribisha wageni, kama hii:

Leo ni siku ya raha, wageni mmewasili,
Tunaimba kwa furaha, mashairi na methali.

Mizani, yaani idadi ya silabi, imetimia na vina vipo, lakini mtoto mwenyewe simwoni ndani yake. Je, niwaruhusu waache vina na mizani, au kuna njia ya kubaki na bahari zetu, yaani aina zetu za mashairi, na bado watoto wakasema yaliyo yao?

Mghani wa Ngaramtoni

Mwalimu, pole na kazi. Nionavyo mimi, vina havina hatia hapa. Ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, ambazo marehemu Mathias Mnyampala alizikuza katika miaka ya 1960, zilienea shuleni hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na wakati huo zilikuwa chombo cha kueleza siasa ya nchi kwa wananchi. Tangu hapo mtoto wa shule akiambiwa atunge shairi, hudhani ameambiwa ahimize, ashukuru au aonye, kwa sababu hayo ndiyo mashairi aliyoyasikia kwenye sherehe tangu anaanza shule. Kwa hiyo badilisha kwanza swali unalomuuliza. Usimwambie atunge shairi kuhusu mchezo, bali muulize yeye ni nani jukwaani na ni jambo gani linamsumbua akiwa pale. Mtoto anayeigiza mti, kwa mfano, ana mengi ya kusema ambayo simba hayajui:

Mimi ni mti wa mbele, natakiwa kusimama,
Siafu apanda kule, mguuni aniuma,
Siwezi piga kelele, mchezo usije kwama,
Natulia vilevile, hadi wimbo unakoma.

Hiyo ni tarbia ya kawaida, yaani ubeti wa mishororo minne, mizani 8 katika ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 katika utao (nusu ya pili), na haijamnyima mtoto chochote. Wakumbushe tu kwamba herufi m katika neno kama «mti» au «mguuni» huhesabiwa mizani yake peke yake, maana hapo ndipo wengi hupotelea.

Mwalimu mstaafu, Sakina, Arusha

Ninakubaliana na ndugu yangu wa Ngaramtoni kuhusu swali, ila sikubaliani naye kuhusu tarbia kwa watoto wa Darasa la Pili. Mshororo wa mizani 16 ni mrefu kwa pumzi ya mtoto mdogo, naye akiukata katikati ili avute hewa, kina cha kati humezwa na wasikilizaji wakapoteza mahadhi. Wapeni wadogo umbo la utenzi, ambalo kila mshororo una mizani 8, mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina kinachorudi katika kila ubeti:

Kanga ya bibi naomba,
Nivae nikiwa simba,
Na mkia ni wa kamba,
Sasa nanguruma mie.

Masharubu ni mkaa,
Mashavuni yamejaa,
Dada yangu ashangaa,
Aomba nimwachilie.

Faida nyingine ni kwamba mshororo wa mizani 8 hukaa vizuri juu ya ngoma. Mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mpigaji ngoma akiweka pigo zito hapo, maneno husikika hata yakighaniwa na kundi zima. Pigo likiangukia silabi nyingine, wazazi watasikia sauti nzuri bila kuambulia maana, jambo ambalo nimelishuhudia mara nyingi na linanisikitisha kila mara, kwa sababu mtoto huwa amejitahidi kweli.

Kuhusu kuacha vina: mjadala huo uliwagawa washairi wetu katika miaka ya 1970, na sioni sababu ya kuwatwika watoto. Mwanafunzi wa Darasa la Nne akileta shairi huru lililo hai, lighaniwe.

Mama wa Njiro

Naomba niseme kama mzazi. Watoto wengi katika michezo hii hawaonekani jukwaani kabisa: kuna anayeshika kamba ya pazia, anayetunza kayamba na manyanga, na anayemnong'oneza mwenzake maneno yaliyomtoka. Mwalimu, hao nao wapewe beti zao, tena waje mbele waghani wenyewe. Vilevile, kama onyesho litaangukia kipindi cha masika, kumbuka mvua juu ya bati. Sauti ya mtoto mmoja haitafika hata safu ya tatu. Kila shairi liwe na kiitikio ambacho darasa zima linaweza kukidaka mvua ikizidi.

Mwalimu wa Rau, Moshi

Nawashukuru sana. Wadogo nitawapa umbo la utenzi, na wa Darasa la Nne watabaki na tarbia. Leo nilimuuliza mtoto wa pazia swali lile la mghani, naye akaniletea mishororo hii:

Kamba yangu ya pazia, naishika kwa makini,
Simba akiniambia, navuta hadi pembeni.

Miwili iliyobaki sitamtungia. Nimemwomba tu aniambie huwa anafanya nini kamba inapokwama.