Usukani unacheza nikiachia mafuta, naomba ushauri

Hamjambo wandugu. Naombeni ushauri kuhusu pikipiki yangu ya injini ya cc 1300, silinda nne. Kwenye Thika Road, nikiachia mafuta kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa mikono ikiwa imelegea, usukani unacheza kushoto kulia. Nikishika imara unatulia, na kwa 100 inatulia kabisa, raha tupu.

Tairi ya mbele, saizi 120/70, imeliwa kwa mawimbi. Ukipitisha kiganja unahisi vijino. Upepo ni psi 42 mbele na nyuma, tairi zikiwa baridi. Gurudumu limebalansiwa, mabegi ya pembeni nimetoa, bado. Nikiliinua na kuvuta shoki za mbele, zinacheza kidogo sana.

Je, nianze na tairi mpya au nikaze beringi za usukani? Na nikikaza, nitajuaje nimezidisha kabla hazijaumia?